Kuihoji Kompyuta kwa SQL: Mwongozo wa osquery kwa Msimamizi wa Mashine za Ofisi

Ukiwa na kompyuta moja, kujua kinachoendelea ndani yake hakuna shida: unafungua Task Manager au unaandika `ps aux`, basi. Zikifika thelathini, nyingine za Windows, nyingine za Ubuntu, na Mac mbili tatu za watu wa usanifu, kila swali dogo linageuka kuwa kazi ya siku nzima. Nani ameweka programu ya kuendesha mashine kwa mbali? Ni seva ipi imeacha hifadhidata wazi kwa mtandao mzima? Ufunguo wa SSH (wa kuingilia seva kwa mbali) wa yule kijana aliyeacha kazi bado unaingia? Kila mfumo endeshi una amri zake, na kila amri ina umbo lake la majibu.

osquery ni programu inayomaliza usumbufu huo kwa kuifanya kompyuta nzima ionekane kama hifadhidata. Michakato inayoendeshwa ni jedwali, watumiaji ni jedwali, poti (milango ya mtandao) zilizo wazi ni jedwali, na wewe unauliza kwa SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, ile ile unayoitumia kwenye MySQL au PostgreSQL. Ilitengenezwa Facebook, ikatolewa kama programu huria Oktoba 2014, ikapata toleo la Windows 2016, na tangu 2019 iko chini ya Linux Foundation. Hailipiwi.

Injini iliyo ndani ni SQLite, hifadhidata ndogo ya SQL, lakini majedwali hayo hayana data iliyohifadhiwa. Ukiuliza jedwali la `processes`, osquery inakwenda papo hapo kusoma `/proc` kama uko Linux, au kuuliza sehemu husika ya Windows au macOS, kisha inakupangia majibu kwa mistari na safu. Jibu unalopata ni la sekunde hiyo uliyouliza. Na majedwali yake ya kawaida ni ya kusoma tu: huwezi kuandika `DELETE FROM processes` ukatarajia mchakato ufe. Ndiyo maana sioni tatizo kuiweka hata kwenye mashine ya uhasibu.

Kuna programu mbili ndani ya kifurushi kimoja. `osqueryi` ni ya kuuliza kwa mkono, swali moja baada ya jingine. `osqueryd` ni huduma inayokaa nyuma na kuuliza maswali uliyoipangia kwa ratiba, ikikuandikia kilichobadilika. Wengi wanaishia kwenye ya kwanza kwa sababu inapendeza. Faida kubwa iko kwenye ya pili, na huko ndiko mwongozo huu unakoelekea.

## Hatua ya 1: Sakinisha

Nenda osquery.io, pakua faili inayofaa mfumo wako: `.deb` kwa Ubuntu na Debian, `.rpm` kwa Rocky Linux na ndugu zake, `.msi` kwa Windows, `.pkg` kwa Mac. Kama intaneti ya ofisi ni ya kubana, pakua mara moja, iweke kwenye seva ya ndani, mashine nyingine zichukue hapo.

```
sudo dpkg -i osquery_*.deb
osqueryi --version
```

Kwenye Mac kuna jambo moja la ziada: bila kuipa ruhusa ya Full Disk Access kwenye mipangilio ya faragha, baadhi ya majedwali yatarudi matupu.

## Hatua ya 2: Uliza swali la kwanza

```
sudo osqueryi
```

Kwenye Windows fungua PowerShell kama Administrator, kisha:

```
& 'C:\Program Files\osquery\osqueryi.exe'
```

Usiruke `sudo`. Mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuona soketi (ncha za mawasiliano) za michakato ya watumiaji wengine, kwa hiyo ukiuliza bila mamlaka kamili utapata majibu pungufu yanayoonekana kama yametimia. Katika kazi ya ulinzi hilo ni baya kuliko kukosa jibu kabisa.

Ukishaingia, amri zinazoanza na nukta ni za osqueryi yenyewe. `.tables` inaorodhesha majedwali yote, `.schema listening_ports` inaonyesha safu za jedwali moja, na `.mode line` inapanga majibu wima pale safu zinapokuwa nyingi hadi skrini haitoshi. Maswali yenyewe yanamalizika kwa nukta mkato:

```
SELECT name, version, platform FROM os_version;
SELECT days, hours, minutes FROM uptime;
SELECT pid, name, resident_size / 1048576 AS mb
FROM processes ORDER BY resident_size DESC LIMIT 10;
```

La tatu linataja michakato kumi inayokula RAM zaidi. `resident_size` iko kwa baiti, ndiyo maana nimegawanya ipate kusomeka kwa megabaiti. Ukitaka majibu hayo yaingie kwenye hati yako ya Python au Bash, endesha `osqueryi --json "SELECT ..."` na utapata JSON, muundo wa data ambao programu husoma kwa urahisi, moja kwa moja.

## Hatua ya 3: Maswali yenye uzito

Hapa tukae kidogo. Ningepewa swali moja tu la kuuliza kila mashine, ningeuliza: nani anasikiliza kwenye mtandao?

```
SELECT DISTINCT p.pid, p.name, p.path, l.port, l.address
FROM listening_ports l JOIN processes p USING (pid)
WHERE l.port != 0 AND l.protocol = 6
  AND l.address NOT LIKE '127.%' AND l.address != '::1';
```

`listening_ports` inajua poti na namba ya mchakato lakini haijui jina. Jina na njia ya faili viko kwenye `processes`. `JOIN` inawakutanisha. Masharti ya chini yanaondoa kelele: poti 0 ni soketi za ndani ya mashine, protokali 6 ni TCP, na anwani zinazoanza na 127, pamoja na `::1` ya IPv6, hazifikiki kutoka nje. Nimetumia `LIKE '127.%'` badala ya kutaja 127.0.0.1 peke yake kwa sababu Ubuntu ina huduma yake ya DNS inayosikiliza kwenye 127.0.0.53. UDP, protokali nyingine ya mtandao, nimeiacha kwa makusudi: vivinjari hufungua na kufunga poti za UDP kila mara na zitakujazia skrini.

Majibu yanaweza kuwa hivi:

```
+-------+---------+---------------------+------+---------+
| pid   | name    | path                | port | address |
+-------+---------+---------------------+------+---------+
| 912   | sshd    | /usr/sbin/sshd      | 22   | 0.0.0.0 |
| 1340  | mysqld  | /usr/sbin/mysqld    | 3306 | 0.0.0.0 |
| 48213 | python3 | /usr/bin/python3.12 | 8000 | 0.0.0.0 |
+-------+---------+---------------------+------+---------+
```

Soma safu ya mwisho kwanza. `0.0.0.0` maana yake mashine inapokea kutoka popote mtandao unapofika. Kwa sshd, huduma ya SSH, hilo huenda ndilo ulilotaka. Kwa mysqld, yaani hifadhidata ya MySQL, jiulize: kama mfumo unaoitumia uko kwenye seva hiyo hiyo, hakuna sababu ya kuiacha wazi, irudishe kwenye 127.0.0.1. Mstari wa tatu ndio wa kuufuatilia:

```
SELECT cmdline, cwd, uid, datetime(start_time, 'unixepoch') AS ilianza
FROM processes WHERE pid = 48213;
```

Kama `cmdline` ni `python3 -m http.server`, kuna mtu aliyetaka kumrushia mwenzake faili, akafungua seva ndogo, akasahau kuifunga. `cwd` inakutajia folda yenyewe inayogawiwa, na yeyote aliye kwenye Wi-Fi ya ofisi anaweza kuifungua. Saa inayotoka ni ya UTC, kwa hiyo ukiwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ongeza saa 3.

Swali la pili ninalolithamini ni la michakato ambayo faili yake haipo tena kwenye diski:

```
SELECT pid, name, path, cmdline FROM processes WHERE on_disk = 0;
```

Programu hasidi nyingi hujifuta baada ya kuanza, zikabaki kwenye kumbukumbu tu. Lakini usipige kelele mapema. Ukisasisha vifurushi kwa `apt upgrade`, faili ya zamani hufutwa huku huduma ikiendelea kutumia nakala iliyo kwenye kumbukumbu, nayo itatokea kwenye orodha hii. Jibu hilo pia lina kazi: linakwambia huduma ipi bado inaendesha toleo lenye udhaifu na inahitaji kuwashwa upya.

La tatu ni funguo za SSH. Mtu akiondoka kazini tunakumbuka kubadilisha nywila, funguo tunazisahau.

```
SELECT u.username, k.algorithm, k.comment, k.key_file
FROM users u CROSS JOIN authorized_keys k USING (uid);
```

`authorized_keys` inahitaji kuambiwa ni ya mtumiaji gani. Ukiiuliza peke yake utaona za mtumiaji anayeendesha osquery tu. `CROSS JOIN` inailazimisha SQLite isome `users` kwanza, kisha izungukie mmoja mmoja. Utaratibu huo huo unatumika kwa viendelezi vya Chrome, jedwali la `chrome_extensions`.

Kwenye Windows anza na `programs` kwa programu zilizosakinishwa, `scheduled_tasks` kwa kazi za ratiba ambazo wavamizi hupenda kujificha ndani yake, na `bitlocker_info` kujua kama diski imefungwa kwa usimbaji. Laptopu inayotoka nje ya ofisi ikiwa na `protection_status` ya 0 inahitaji kushughulikiwa leo.

Tahadhari moja kuhusu majedwali ya `file` (taarifa za faili) na `hash` (alama ya utambulisho wa yaliyomo kwenye faili): haya lazima uyape njia kwenye `WHERE`. Alama `%` moja inasoma folda hiyo tu, `%%` inashuka hadi folda za ndani zote.

```
SELECT path, size, datetime(mtime, 'unixepoch') AS ilibadilishwa
FROM file WHERE path LIKE '/etc/cron.d/%';
```

Hilo ni jepesi. Ukiandika `'/%%'` umeiamuru mashine ipitie diski nzima, na watumiaji watakupigia simu.

## Hatua ya 4: Weka maswali kwenye ratiba

Kwenye Linux mipangilio ya `osqueryd` iko `/etc/osquery/osquery.conf`. Kwenye Mac ni `/var/osquery/osquery.conf`, na kwenye Windows iko ndani ya `C:\Program Files\osquery`. Mfano huu ni wa Ubuntu na unaweza kuanza nao kama ulivyo:

```
{
  "options": {
    "host_identifier": "hostname",
    "logger_path": "/var/log/osquery"
  },
  "schedule": {
    "poti_wazi": {
      "query": "SELECT DISTINCT p.name, p.path, l.port, l.address FROM listening_ports l JOIN processes p USING (pid) WHERE l.port != 0 AND l.protocol = 6 AND l.address NOT LIKE '127.%' AND l.address != '::1';",
      "interval": 600
    },
    "funguo_za_ssh": {
      "query": "SELECT u.username, k.algorithm, k.key, k.comment, k.key_file FROM users u CROSS JOIN authorized_keys k USING (uid);",
      "interval": 3600
    },
    "watumiaji": {
      "query": "SELECT username, uid, gid, shell, directory FROM users;",
      "interval": 3600
    },
    "vifurushi": {
      "query": "SELECT name, version FROM deb_packages;",
      "interval": 86400
    },
    "afya_ya_ratiba": {
      "query": "SELECT name, executions, wall_time, average_memory, denylisted FROM osquery_schedule;",
      "interval": 3600,
      "snapshot": true
    }
  }
}
```

`interval` ni sekunde: 600 ni dakika 10, 86400 ni siku nzima. Majina ya maswali ni yako, yape ya Kiswahili kama timu inaelewana hivyo, kwa sababu ndiyo yatakayotokea kwenye logi, faili ya kumbukumbu.

Linganisha `poti_wazi` na lile swali la hatua ya 3 na utaona nimeondoa `pid`. Sababu yake ndiyo siri ya kuandika maswali ya ratiba. `osqueryd` haiandiki majibu yote kila mara. Inalinganisha majibu ya sasa na ya mzunguko uliopita, inaandika tofauti peke yake. Ukiiacha `pid` ndani, kila huduma ikiwashwa upya itaonekana kama poti moja imefungwa na nyingine imefunguliwa, ingawa hakuna kilichobadilika. Ukiweka kiasi cha RAM au muda tangu mashine iwashwe, kila mzunguko utakuwa tofauti na logi itafurika. Chagua safu zinazobaki palepale hadi kitu cha maana kibadilike. Takwimu zinazobadilika kila wakati zipe `"snapshot": true`, kama nilivyofanya kwa `afya_ya_ratiba`, zitaandikwa zima zima kwenye faili yake ya pembeni, `osqueryd.snapshots.log`.

Mkato mmoja ukikosekana JSON nzima inakataa, kwa hiyo kagua kabla ya kuwasha:

```
sudo osqueryctl config-check
sudo systemctl enable --now osqueryd
```

## Hatua ya 5: Jaribu, kisha soma tofauti

```
sudo tail -f /var/log/osquery/osqueryd.results.log
```

Mzunguko wa kwanza utaandika kila kitu kama kipya, `"action":"added"`, huku `counter` ikiwa 0. Huo ni msingi wa kulinganishia, si tukio. Sasa fungua dirisha jingine la amri, ingia kwenye folda tupu, endesha `python3 -m http.server 8000`, subiri mzunguko unaofuata. Utaona mstari wa namna hii, hapa nimeufupisha:

```
{"name":"poti_wazi","hostIdentifier":"masjala-02","counter":4,
 "columns":{"address":"0.0.0.0","name":"python3",
 "path":"/usr/bin/python3.12","port":"8000"},"action":"added"}
```

Ifunge kwa Ctrl+C, na mzunguko mwingine ukipita utakuja mstari ule ule wenye `removed`. Fanya jaribio hili kwenye kila aina ya mashine uliyonayo kabla ya kuuamini mfumo, maana logi iliyo kimya inaweza kumaanisha hakuna kilichotokea au hakuna kinachouliza.

Kuna mpaka unaopaswa kuujua. Mchakato ulioanza na kumalizika ndani ya dakika moja, katikati ya mizunguko miwili ya dakika 10, hautaonekana. Kwa hayo kuna majedwali ya matukio, kama `process_events` na `file_events`, yanayorekodi jambo linapotokea. Hayawashwi yenyewe: hakikisha `--disable_events` ni `false` kwenye faili ya `osquery.flags`, kisha weka bendera (chaguo la kuwasha) ya jedwali husika. Yanazalisha data nyingi, na `process_events` inagusa audit, mfumo wa Linux wa kurekodi matukio, kwa hiyo ningeyaacha hadi ratiba ya kawaida iwe imetulia. Tena usishangae ukiyauliza kwenye `osqueryi` ukakuta matupu: ni programu inayojitegemea, haisomi alichokusanya `osqueryd`.

## Hatua ya 6: Mlinzi wa ndani

`osqueryd` ina mlinzi anayeipima. Swali likila CPU au RAM kupita kiwango, mlinzi anaua kazi hiyo, anaianzisha upya, na swali lililosababisha linafungiwa kwa siku nzima. Ni utaratibu mzuri kwa mashine za watu, lakini una gharama: swali lako linaweza kunyamaza na wewe ukadhani kila kitu ni shwari. Ndiyo kazi ya `afya_ya_ratiba`. `denylisted` ikiwa 1, swali hilo limefungiwa. Lipunguze au lirefushie muda. Soma snapshot hiyo kila asubuhi kwa wiki za mwanzo.

## Hatua ya 7: Kutoka mashine moja hadi nyingi

Usiache logi kwenye mashine inayochunguzwa. Aliyepata mamlaka ya root, yaani mamlaka kamili, anaweza kuifuta, na ushahidi umekwenda. Itume mahali pengine mara inapoandikwa: programu za kusafirisha logi kama Filebeat, Fluent Bit au rsyslog, yoyote uliyokwisha kuizoea. Mipangilio isambaze kwa Ansible au chombo kingine cha kupanga mashine nyingi kwa pamoja, na faili yenyewe ikae kwenye Git, mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko, ili ijulikane nani alibadilisha swali gani na lini.

Ukitaka kuuliza mashine zote kwa mpigo mmoja kutoka kwenye kivinjari, kuna Fleet, seva yenye toleo huria inayoongea na osquery kwa TLS, yaani mawasiliano yaliyosimbwa. Unaandika SQL mara moja, majibu yanaanza kuingia kutoka kila mashine iliyo hewani. Siku utakaposikia maktaba fulani imegundulika na tundu, swali la `deb_packages` kwa Fleet ndilo litakalokupa orodha ya mashine zilizoathirika kabla chai haijapoa.

## Hatua ya 8: Waambie wenye kuchunguzwa

Baadhi ya majedwali yanaingia kwenye maisha ya mtu. `shell_history` inasoma amri alizoandika, na kuna watu huandika nywila humo. `chrome_extensions` inaweza kufichua mambo ya afya au imani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Zote zinataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana, na zisizidi mahitaji ya sababu hiyo.

Kwa vitendo, fanya hivi. Andika mbele ya kila swali la ratiba sababu yake kwa sentensi moja. Lililokosa sababu liondoe. `shell_history` usiipange kabisa, iulize tu wakati wa uchunguzi ulioidhinishwa kwa maandishi. Weka muda wa kutunza logi na uzifute ukiisha. Kisha orodha ya maswali, pamoja na sababu zake, wape wafanyakazi wote waisome kabla hujawasha huduma kwenye mashine zao.